Kwa nini meza ni ya kike kwa Kifaransa? Jibu kwa msomaji wa Kilwa Masoko

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kilwa Masoko, na kazi yangu ni kuwaongoza wageni wanaovuka kwenda Kilwa Kisiwani kuangalia magofu. Kiingereza nilikisoma shuleni, na tulifundishwa kwamba nomino zake zina jinsi nne: ya kiume kama "boy", ya kike kama "girl", ya wote kama "teacher", na isiyo ya kiume wala ya kike kama "table". Sasa najifunza Kifaransa kwa ajili ya wageni wa Ufaransa, nami naambiwa kwamba meza ni ya kike na ukuta ni wa kiume. Meza imepataje kuwa ya kike? Kwa nini Waingereza hawana jambo hili? Na mimi ambaye Kiswahili changu hakina jinsi, nitayashikaje haya yote bila kukariri neno moja moja?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza mambo matatu, nami nitaanza na la mwisho, kwa sababu limebeba dhana inayokutisha bure. Umesema Kiswahili hakina jinsi. Ni kweli kwamba hatuna nomino ya kitu inayoitwa ya kike au ya kiume, na neno letu "yeye" halisemi kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Hata hivyo, jambo lenyewe linalofanyika katika Kifaransa, yaani nomino kugawanyika katika makundi na kila kundi kuyalazimisha maneno ya jirani yafuatane nalo, Kiswahili kinalo, tena kwa wingi kuliko Kifaransa. Sisi tunayaita makundi hayo ngeli. Wafaransa wanayo mawili tu, na kwa bahati mbaya kwa mwanafunzi, yalipewa majina ya kike na kiume.

Wanaisimu wanapotaka kujua kama lugha ina jinsi ya kisarufi, hawaanzi na maana ya nomino, wanaanza na tabia ya maneno yanayoandamana nayo. Mmarekani Charles Hockett aliliweka wazo hilo kwa ufupi mwaka 1958, na hadi leo ndicho kipimo kinachotumika. Kwa kipimo hicho, Mwingereza Greville Corbett alilinganisha lugha 257 za pande zote za dunia, akakuta 145 hazina mgawanyo wa namna hiyo kabisa, 50 zina makundi mawili, 26 zina matatu, 12 zina manne, na 24 zina matano au zaidi. Kifaransa kimo katika zile 50, na Kiswahili kimo katika zile 24. Wewe ndiye unayetoka kwenye mfumo mpana kwenda kwenye mfumo mwembamba, na ningependa uanze masomo yako ukilijua hilo.

Ushahidi unao kazini kwako. Pale Kisiwani mnawaonyesha wageni Husuni Kubwa na Husuni Ndogo, kisha mnawapeleka Msikiti Mkuu. Hakuna mwenyeji wa Kilwa atakayesema "Husuni Mkubwa" wala "Msikiti Kuu", na hakuna aliyemfundisha hilo kwa ubao na chaki. "Husuni" imo katika ngeli moja, "msikiti" umo katika nyingine, na kivumishi kinafuata. Mgeni wako Mfaransa utamwambia "le grand palais" unapomwonyesha jumba, na "la grande mosquée" unapomwonyesha msikiti. Kivumishi ni kimoja chenye maana ya ukubwa, nacho kimebadilika kwa sababu ile ile iliyobadilisha "kubwa" na "mkuu" kwetu. Sikiliza na matamshi: katika "grand palais" ile "d" haitamkwi, ilhali katika "grande mosquée" inasikika wazi, kwa hiyo kosa la upatanisho litasikika hata pale ambapo hakuna kinachoandikwa. Vivyo hivyo ukuta wa kale ni "un mur ancien" na mlango wa kale ni "une porte ancienne", na tofauti ya mwisho wa neno lile inafika sikioni.

Sasa tuje kwenye meza. Majina ya makundi haya mawili yametokana na nomino za watu na za wanyama wachache wanaotofautishwa dume na jike: mwanamume, mfalme na jogoo, yaani "homme", "roi" na "coq", wako upande mmoja, mwanamke, malkia na kuku jike, yaani "femme", "reine" na "poule", wako upande wa pili. Nomino za vitu, ambazo ndizo nyingi mno, ziliingia upande huu au ule kwa urithi, na jina la kundi likazifunika. Meza ni ya kike kwa sababu "table" imetoka katika neno la Kilatini "tabula", lenye maana ya ubao, na neno hilo lilikuwa katika kundi la kike tangu huko. Ukuta ni wa kiume kwa sababu "mur" umetoka katika "murus", lililokuwa la kiume. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba meza inafanana na mwanamke.

Kilatini kilikuwa na jinsi tatu, na ile ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike, ilikufa njiani. Nomino zake nyingi zilihamia upande wa kiume. Ndivyo "palatium" lilivyokuwa "le palais". Nyingine zilipotea njia kwa namna inayopendeza kuichunguza. Nomino za jinsi hiyo ya tatu ziliishia na "a" katika wingi, na "a" hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa alama ya umoja wa nomino nyingi za kike. Watu waliposikia "folia", yaani majani, wakalichukua kama umoja wa kike, na leo jani moja kwa Kifaransa ni "une feuille", la kike. Bahari nayo, ambayo Kilatini kiliiita "mare" katika jinsi hiyo hiyo ya tatu, iligawanywa na warithi: kwa Wafaransa ni "la mer", ya kike, na kwa majirani zetu wa Msumbiji wanaozungumza Kireno ng'ambo ya Ruvuma ni "o mar", ya kiume. Jino ni "la dent" kwa Mfaransa na "o dente" kwa Mreno. Mti ni "un arbre" wa kiume huku na "uma árvore" wa kike kule. Bahari inayopiga Msimbati na ile inayopiga Palma ni moja, na hakuna mvuvi wa upande wowote anayeiona kuwa mwanamke au mwanamume kwa ajili ya sarufi. Zipo tafiti za saikolojia zilizojaribu kuonyesha kwamba jinsi ya neno hubadilisha namna mtu anavyokifikiria kitu, lakini majibu yake yamepingana, nami sishauri mtu ajenge hoja juu yake.

Hapa ni vizuri kuona mahali ambapo Kiswahili na Kifaransa vinaachana. Wewe mwenyewe umejiita kijana. Kwa umbo "kijana" ni neno la KI-VI sawa na "kijiko", lakini tunasema "kijana mrefu amefika", wala hatusemi "kijana kirefu kimefika". Kifaru naye na kiboko hali yao ni hiyo: uhai wa anayetajwa umelishinda umbo la neno. Kwa Kifaransa mara nyingi jinsi ya neno ndiyo inayoshinda. Askari wa zamu mwenye ndevu ni "la sentinelle", wa kike kisarufi. Mwanamume aliyejeruhiwa akiitwa "la victime", kivumishi kitakuwa "blessée", cha kike, na mtu yeyote, hata awe baba yako mzazi, ni "une personne". Mgeni akitamka hivyo usidhani amekosea wala amemvunjia mtu heshima. Kwenye majina ya kazi mambo yamelegea zaidi: wewe ni "un guide", na mwenzako wa kike ni "une guide". Kwa vyeo vingi vya juu Wafaransa walibishana miaka mingi kama kuwe na umbo la kike, hata Akademia ya Kifaransa, chombo chao cha kusimamia lugha, iliyokuwa imepinga kwa muda mrefu, ikakubali mwezi Februari 2019.

Kuhusu Kiingereza, lile jedwali la jinsi nne ulilolisoma shuleni linapanga vitu na watu duniani, na sarufi ya Kiingereza karibu hailijui. Jaribu mwenyewe: "the tall boy", "the tall girl", "the tall table". Hakuna kilichobadilika. Kibainishi, yaani "the", ni kile kile na kivumishi ni kile kile, kwa hiyo kwa kipimo cha Hockett hakuna kinachozitenganisha nomino hizo hadi utakapofika kwenye viwakilishi "he", "she" na "it" na vile vinavyotokana navyo. Kauli kwamba "table" haina jinsi ina maana moja tu ya kisarufi, kwamba meza ukiirejelea utatumia "it". Hapo ndipo Kiingereza kinapomsumbua Mswahili, kwa sababu "yeye" wetu ni mmoja. Utasikia mtu mwenye Kiingereza kizuri kabisa akimsimulia mama yake kwa kusema "he", kwa kuwa katika kichwa chake hakuna kinachomkumbusha kuchagua. Meli huko Uingereza ziliitwa "she" kwa karne nyingi, na gazeti la London la habari za meli, Lloyd's List, lililoanzishwa mwaka 1734, liliacha desturi hiyo mwaka 2002 likaanza kuandika "it"; mabaharia wengi bado wanasema "she".

Waingereza hawakuwa hivi tangu mwanzo. Kiingereza cha Kale, kilichozungumzwa kabla ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, kilikuwa na jinsi tatu kamili, zenye vibainishi na miisho ya vivumishi. Jua lilikuwa la kike na mwezi ulikuwa wa kiume, kinyume cha Kifaransa. Neno "wif", lenye maana ya mwanamke, lilikuwa katika jinsi ya tatu, na neno refu lililotokana nalo, ambalo leo ni "woman", lilikuwa la kiume kisarufi, jambo ambalo peke yake linatosha kumwonyesha mtu kwamba jinsi ya neno na maumbile ni vitu viwili. Mfumo huo ulianza kubomoka kaskazini, kwenye maeneo waliyokaa Waskandinavia, na dalili zake zinaonekana katika maandishi ya karne ya 10. Kent, kule kusini mashariki, uliendelea kuonekana hadi karne ya 14. Sababu kubwa ni sauti. Miisho ya maneno isiyotiwa mkazo ilififia hadi ikafanana, na vibainishi vitatu vilivyokuwa vikitofautisha jinsi vikaungana kuwa "the" mmoja; palipokutana watu wa lugha mbili zinazokaribiana, zenye mashina yanayofanana na miisho isiyofanana, miisho ndiyo iliyoachwa. Kwa hiyo neno "table" lilipoingia kutoka Kifaransa, lilikuta nyumba ambayo mfumo wa jinsi ulikuwa unavunjwa, na jinsi yake ikabaki Ufaransa.

Utaniuliza mfumo huu una faida gani, maana Waingereza wanaishi bila huo. Fikiria kikombe kilichowekwa kwenye sinia. Ukisema "kimepasuka", kila mtu anajua ni kikombe; ukisema "limepasuka", ni sinia. Kifaransa kinafanya kazi hiyo hiyo: "la tasse" ni ya kike na "le plateau" ni wa kiume, kwa hiyo "elle est fendue" ni kikombe na "il est fendu" ni sinia. Kiingereza kitasema "it is cracked", na msikilizaji atalazimika kuuliza ni kipi.

Kuna sehemu moja ambayo wewe utawashinda Waingereza wanaojifunza Kifaransa, nayo ni umilikishaji. Husuni Kubwa inahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyekutana na msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Kwa Kiingereza utasema "his palace" na "his mosque", na neno "his" linamfuata sultani kwa sababu ni mwanamume. Angekuwa malkia ungesema "her". Kwa Kifaransa utasema "son palais" na "sa mosquée", na angekuwa malkia maneno yangebaki hivyo hivyo, kwa sababu kimilikishi kinakifuata kinachomilikiwa. Sisi tunasema "jumba lake" na "msikiti wake", awe sultani au malkia. Ni kanuni ile ile. Mwingereza huchukua muda mrefu kuacha kutafuta mwenye mali katika "son" na "sa", ilhali wewe hujawahi kumtafuta. Ujihadhari na jambo moja tu: nomino ya kike ikianza na irabu, "sa" hugeuka "son" kwa ajili ya matamshi, kwa hiyo kisiwa chake ni "son île" ingawa kisiwa ni cha kike.

Sasa njia ya kuyashika maneno. Anza na miti na matunda, kwa sababu hapo lugha yako imeshakuandalia njia. Sisi tunatenganisha mti na tunda kwa ngeli: mnazi na nazi, mwembe na embe, mkorosho na korosho. Kifaransa nacho kinavitenganisha kwa jinsi. Mti unaoishia na "-ier" ni wa kiume na tunda lake mara nyingi ni la kike: "un manguier" na "une mangue", "un bananier" na "une banane", "un cocotier" na "une noix de coco". Mkorosho, ambao mgeni wako ataupita kila mahali kuanzia Lindi hadi Newala, ni "un anacardier", na korosho ni "une noix de cajou". Limau na nanasi ni za kiume, "un citron" na "un ananas", na hizo utazikariri kama zilivyo.

Baada ya hapo sikiliza miisho. Nomino zinazoishia na "-tion" karibu zote ni za kike: "la construction", "la civilisation". Zinazoishia na "-ment" karibu zote ni za kiume: "le monument". Zinazoishia na "-eau" nyingi ni za kiume, kama "le bateau", ila maji na ngozi, "eau" na "peau", ni za kike. Zinazoishia na "-age" nyingi ni za kiume, kama "le voyage" na "le village", lakini ufukwe ni "la plage", wa kike, na kwa kazi yako huo utautaja kila siku. Zinazoishia na "-ée" kwa kawaida ni za kike: "la mosquée", na "la marée" yaani kupwa na kujaa kwa maji, ambako ndiko kunakoamua mnavuka saa ngapi, lakini makumbusho, "le musée", ni ya kiume. Nchi zinazoishia na "e" nyingi ni za kike na zisizoishia na "e" ni za kiume, na hilo hubadilisha hata namna ya kusema uko wapi: "en Tanzanie", lakini "au Kenya", na "au Mozambique" kwa kuwa Msumbiji, licha ya ile "e" yake, imebaki ya kiume. Komoro ni ya kike na ya wingi, "aux Comores".

Maneno machache hubadilika maana kwa jinsi peke yake, na mawili yatakuhusu. "La voile" ni tanga. "Le voile" ni shungi. Jahazi lenyewe ni "un boutre", la kiume, na mtumbwi ni "une pirogue", wa kike. Maneno ya kigeni nayo hupewa jinsi yanapoingia, mengi ya kiume, hata lile waliloazima kwetu, "le safari". Wakati mwingine wenyewe hawaafikiani: mwaka 2020 watu wengi walisema "le covid" hadi Akademia ikatamka kwamba iwe "la", kwa sababu msingi wa jina hilo ni neno "maladie", ugonjwa, nalo ni la kike. Wengi wameendelea na "le".

Kwa hiyo chukua daftari, uandike kila nomino pamoja na kibainishi chake kama neno moja, uitamke hivyo, na uiongezee kivumishi kinachobadilika matamshi ili sikio lizoee: "un grand mur", "une grande porte", "une grande tombe", "un grand puits". Tumia "un" na "une" badala ya "le" na "la", kwa sababu mbele ya irabu "le" na "la" zote hukatwa zikawa "l'" na jinsi hufichika. Ukiandika "l'île", daftari halitakuambia kitu. Andika "une île", kisha "une grande île".